Chama cha Watelugu: Heshima Ilipogeuka Kura

Wapo wasomi wengi, humu nchini na kwingineko, wanaoshikilia kwamba chama cha siasa kikijiita kwa jina la lugha au la jimbo huwa kimekwisha kuanza kulichimbia taifa kaburi. Hoja yao haikosi uzito, kwani barani Afrika tumeshuhudia jinsi chuki za kikabila zinavyoweza kuteketeza nchi. Hata hivyo, naamini kwamba hoja hiyo haijapimwa ipasavyo, na mizani nzuri ya kuipimia iko ng'ambo ya bahari inayotuunganisha na India, katika jimbo la Andhra Pradesh. Huko, chama kilichojiita Telugu Desam, yaani nchi ya Watelugu, kilizaliwa mwezi Machi 1982, kikatwaa serikali ya jimbo mwezi Januari 1983, na kufikia mwaka wa 2024 kilikuwa bado miongoni mwa vyama vilivyoamua nani aitawale India nzima. Taifa la India halikuvunjika kwa sababu yake. Kilichovunjika, kama nitakavyoeleza, ni kitu kingine kabisa.

Ili kukielewa chama hiki, sharti turudi nyuma kidogo. India ilipopata uhuru mwaka wa 1947, iliupata pamoja na jeraha la kugawanywa na kuzaliwa kwa Pakistan. Waziri Mkuu wa kwanza, Jawaharlal Nehru, aliogopa kwamba kuchora mipaka ya majimbo kwa kufuata lugha kungezidisha migawanyiko. Wakati huo Watelugu wengi walikuwa ndani ya jimbo la Madras, pamoja na Watamil, na walidai jimbo lao wenyewe. Mwezi Oktoba 1952 mfuasi mmoja wa Gandhi, Potti Sriramulu, alianza kufunga kula kwa ajili ya dai hilo. Mnamo Desemba 15 alikufa. Ghasia zilizofuata zilimlazimu Nehru akubali, na jimbo la Andhra likaundwa tarehe 1 Oktoba 1953. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Novemba 1956, liliunganishwa na eneo la Telangana, lililokuwa chini ya mtawala wa Hyderabad, na ndipo likazaliwa jimbo la Andhra Pradesh lenye makao makuu yake jijini Hyderabad.

Kwa hiyo, fahari ya lugha haikuletwa na Telugu Desam. Ilikuwapo tangu zamani, na ilikuwa imekwisha kulipiwa kwa uhai wa mtu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa zaidi ya robo karne, tangu 1956 hadi 1983, Watelugu hao hao walikipigia kura chama cha Congress, ambacho ni cha kitaifa, bila kukoma. Hata katika uchaguzi wa 1977, Indira Gandhi aliposhindwa katika sehemu kubwa ya kaskazini, Andhra Pradesh ilisimama naye. Basi ni nini kilichowageuza?

Nionavyo mimi, jibu ni neno moja: dharau. Baada ya uchaguzi wa jimbo wa mwaka 1978, Congress iliibadilisha serikali ya Andhra Pradesh kana kwamba inabadilisha shati. Katika muda wa miaka mitano walipita mawaziri viongozi wanne: Chenna Reddy, Anjaiah, Venkatarami Reddy na Vijaya Bhaskara Reddy. Watatu wa kwanza kati ya hao hawakuondolewa na wapiga kura. Waliwekwa na kuondolewa kwa amri kutoka Delhi, na kila mmoja alitumia muda mwingi safarini kwenda kuomba radhi katika makao makuu ya chama kuliko kushughulikia mashamba na mabwawa ya jimbo lake. Mwezi Februari 1982, Rajiv Gandhi, aliyekuwa mbunge tu, alitua katika uwanja wa ndege wa Begumpet, Hyderabad, akakasirishwa na kishindo cha mapokezi aliyoandaliwa, na akamkaripia Anjaiah mbele ya watu. Mwezi huo huo Anjaiah akauacha uwaziri kiongozi. Magazeti yaliieneza habari hiyo, na wananchi ambao pengine hawakumpenda sana Anjaiah waliliona tukio lile kama tusi lililoelekezwa kwao wote.

Katika hali hiyo akajitokeza mtu ambaye hakuwa na haja ya kujitambulisha kwa mwananchi yeyote. Nandamuri Taraka Rama Rao, aliyefahamika kwa herufi zake NTR, alikuwa mwigizaji wa filamu za Kitelugu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa ameigiza kama Krishna na kama Rama, miungu wa Kihindu, mara nyingi kiasi kwamba katika nyumba nyingi sura ya mungu na sura yake vilikuwa kitu kimoja. Akiwa na umri wa miaka 58, alitangaza kuundwa kwa Telugu Desam mjini Hyderabad tarehe 29 Machi 1982. Aligeuza gari kuukuu aina ya Chevrolet kuwa jukwaa na chumba cha kulala, akaliita Chaitanya Ratham, maana yake gari la mwamko, na akazunguka nalo vijijini kwa miezi kadhaa. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: heshima ya Watelugu haiuzwi Delhi. Ahadi yake nayo ilikuwa fupi vilevile: mchele kwa rupia mbili kwa kilo.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuamini kwamba sinema pekee ndiyo iliyoleta ushindi. Mwalimu wa historia anayewafundisha wanafunzi wake kutafuta sababu za matukio angewaonyesha angalau mbili zaidi. Ya kwanza ni ya kitabaka. Wakulima wa jamii ya Kamma, hasa katika mabonde yenye rutuba ya mito Krishna na Godavari, walikuwa wametajirika kwa mpunga, viwanda na biashara ya filamu, lakini uwaziri kiongozi haujawahi kuwafikia, kwani ndani ya Congress watu wa jamii ya Reddy ndio waliokuwa na sauti. Wakati huo huo, jamii nyingi za mafundi, wavuvi na wafugaji, zinazoitwa nchini humo tabaka za nyuma, zilijiona zimesahauliwa. Chama kipya kiliwapa hao wote mlango. Sababu ya pili ni gazeti. Eenadu, lililoanzishwa na Ramoji Rao mwaka wa 1974, lilikuwa limeenea mpaka miji midogo kwa Kitelugu chepesi, na lilimuunga mkono Rama Rao waziwazi. Lugha iliyodaiwa kudharauliwa ndiyo iliyokuwa chombo cha kumwangusha aliyeidharau.

Uchaguzi ulifanyika mwezi Januari 1983. Chama kilichokuwa na umri wa miezi tisa tu kilipata viti zaidi ya 200 kati ya 294, na Congress ikabaki na 60. Rama Rao akawa waziri kiongozi wa kwanza wa Andhra Pradesh asiyetoka Congress.

Delhi haikukubali somo hilo kwa urahisi. Mwezi Agosti 1984, Rama Rao aliporejea kutoka Marekani alikofanyiwa upasuaji wa moyo, gavana Ram Lal alimfuta kazi kwa madai kwamba amepoteza wingi wa wabunge, na mahali pake akamweka Nadendla Bhaskara Rao, waziri wa fedha ambaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama. Kikulacho ki nguoni mwako. Rama Rao aliomba apewe nafasi ya kuuthibitisha wingi wake bungeni, akanyimwa. Ndipo alipowakusanya wabunge wake, akawapandisha kwenye gari moshi, na akiwa katika kiti cha magurudumu akawafikisha mbele ya Rais wa India mjini Delhi, ili ahesabiwe hadharani. Baadaye wabunge hao walihifadhiwa katika jimbo jirani la Karnataka, lisilotawaliwa na Congress, wasije wakanunuliwa. Maandamano yalitanda, vyama vya upinzani nchini kote vikaungana naye, gavana akaondoka, na tarehe 16 Septemba, mwezi mmoja kamili baada ya kufutwa, Rama Rao akarudishwa kitini. Miaka kumi baadaye, katika kesi mashuhuri ya Bommai ya 1994, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba wingi wa serikali ya jimbo hupimwa ndani ya bunge, wala si sebuleni mwa gavana. Kanuni iliyodaiwa na chama cha jimbo moja ikawa ngao ya majimbo yote.

Hapa ndipo napenda wale wanaohofia vyama vya majimbo watulie na kutafakari. Mwezi Oktoba 1984 Indira Gandhi aliuawa, na katika uchaguzi wa Desemba wimbi la huruma likaipa Congress viti zaidi ya 400 katika bunge la taifa, Lok Sabha. Telugu Desam ilipata viti 30, ikawa chama kikubwa kuliko vyote vya upinzani bungeni humo, jambo ambalo halijawahi kufanywa na chama cha jimbo. Je, ilitumia nafasi hiyo kudai kujitenga? La. Ilidai mgawo wa haki wa mapato na madaraka, na ikajiunga na vyama vingine kujenga upinzani wa kitaifa. Mwaka wa 1988 Rama Rao mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa National Front, muungano uliomfikisha V. P. Singh kwenye uwaziri mkuu mwaka uliofuata. Mtu anayepewa kiti mezani hana sababu ya kuipindua meza.

Matendo ya serikali yake nayo yanastahili kupimwa kwa haki, bila kupamba wala kuponda. Mchele wa rupia mbili ulifika kwa maskini. Nafasi za maofisa wa vijiji waliorithi kazi kutoka kwa baba zao, na waliokuwa wakizishika daftari za ardhi kama mali ya ukoo, zilifutwa mwaka wa 1984. Chuo kikuu cha wanawake kilifunguliwa Tirupati mwaka wa 1983, na Chuo Kikuu cha Kitelugu mjini Hyderabad mwaka wa 1985. Sheria ya urithi ilirekebishwa ili binti wa Kihindu apate fungu sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, mabadiliko ambayo India nzima iliyafikia mwaka wa 2005 tu. Lakini mtu huyo huyo aliushusha kwa ghafla umri wa kustaafu wa watumishi wa serikali kutoka miaka 58 hadi 55, na maelfu wakajikuta nyumbani bila kutarajia. Alitawala kama aliyezoea kuwa nyota wa kila filamu; mawaziri wake walikuwa waigizaji wadogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka wa 1989 wapiga kura walimwondoa.

Kurejea kwake kuna funzo maalumu kwa walimu. Mwaka wa 1992, katika wilaya ya Nellore, wanawake wa vijijini waliokuwa wakihudhuria madarasa ya watu wazima walisoma katika kitabu chao hadithi ya mji ulioharibiwa na ulevi. Walipomaliza kusoma walitoka kwenda kuyafunga maduka ya arrack, pombe kali ya bei ndogo ambayo ni ndugu ya chang'aa yetu. Upinzani huo ukaenea jimbo zima. Rama Rao aliutambua upepo, akaahidi kupiga pombe marufuku, na katika uchaguzi wa 1994 Telugu Desam ikapata viti 216 ilhali Congress ikaambulia 26. Naomba tuliweke hilo moyoni: mwamko uliochangia kubadilisha serikali ulianza kwa chaki na ubao wa darasa la jioni.

Lakini ushindi huo mkubwa ndio uliofichua udhaifu wa chama. Hakikuwa na desturi ya kuchagua viongozi wala ya kujadili urithi wa uongozi. Kilikuwa na mtu mmoja na jamaa zake. Mwezi Agosti 1995, mkwewe Rama Rao, Chandrababu Naidu, aliwavuta wabunge wengi upande wake, akawakalisha katika hoteli moja ya Hyderabad, na tarehe 1 Septemba akaapishwa kuwa waziri kiongozi. Waliomtetea walisema walikuwa wakikiokoa chama kutoka kwa ushawishi wa mke wa pili wa mzee, Lakshmi Parvathi. Vyovyote iwavyo, mzee aliyewashinda wakuu wa Delhi alishindwa ndani ya nyumba yake, na mnamo Januari 1996 akafariki dunia. Marufuku ya pombe ililegezwa mwaka wa 1997 kwa sababu hazina ilihitaji kodi. Wanawake wa Nellore walikuwa wametimiza wajibu wao. Chama ndicho hakikutimiza chake.

Naidu aliendeleza chama kwa njia nyingine. Mwaka wa 1996 alikuwa mratibu wa muungano wa United Front uliounda serikali ya taifa, na tangu 1998 akaiunga mkono serikali ya Atal Bihari Vajpayee. Mbunge wake, G. M. C. Balayogi, akawa Spika wa kwanza wa Lok Sabha kutoka jamii ya Dalit. Hyderabad ikajengewa majumba ya kompyuta na kupata sifa duniani. Vijijini, hata hivyo, ukame na madeni viliwakaba wakulima, na baadhi yao wakajiua. Uchaguzi wa 2004 ulikiacha chama na viti 47 tu.

Sasa nifike kwenye kile kitu nilichosema kilivunjika. Watu wa Telangana walikuwa wamelalamika tangu mwaka wa 1956, na wakaandamana kwa umwagaji damu mwaka wa 1969, kwamba maji ya mito, kazi za serikali na fedha za jimbo vilikwenda kwa wenzao wa pwani kinyume cha ahadi za muungano. Serikali ya Rama Rao ilikiri dosari hiyo, kwani mwezi Desemba 1985 ilitoa Agizo Nambari 610 la kurekebisha ajira serikalini katika eneo hilo. Utekelezaji wake ukajikokota miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa 2001 naibu spika wa bunge la jimbo, K. Chandrashekar Rao, alijiuzulu kutoka Telugu Desam akaunda chama cha kupigania jimbo la Telangana. Nacho kilizungumzia nini? Heshima! Neno lile lile ambalo Watelugu walimrushia Indira Gandhi, sasa Watelugu wa Telangana waliwarushia Watelugu wenzao. Telugu Desam ikayumba, mara ikikubali mgawanyo, mara ikisita. Tarehe 2 Juni 2014 jimbo likagawanywa, na Hyderabad ikawa ya Telangana. Andhra Pradesh ikabaki ikitafuta makao makuu mapya pale Amaravati.

Hivyo chama cha lugha hakikuivunja India. Kilishindwa kuzuia kuvunjika kwa jimbo la lugha yenyewe. Hilo ndilo funzo kuu nilionalo katika habari hii. Lugha moja, nyimbo zilezile na mashujaa walewale huweza kuwaleta watu pamoja siku ya kupiga kura, lakini haviwezi kuwaweka pamoja ikiwa maji na kazi vinagawiwa kwa upendeleo. Anayedai haki kutoka juu hana budi kuitoa kwa walio chini yake. Asipofanya hivyo, kilio chake mwenyewe kitamrudia kwa sauti ya mwingine.

Chama chenyewe hakikufa. Naidu alitawala Andhra mpya tangu 2014, akaanguka vibaya mwaka wa 2019 akibaki na viti 23 kati ya 175, akakamatwa mwezi Septemba 2023 kwa tuhuma za ufisadi alizozikana, kisha mwezi Juni 2024 akarejea kwa viti 135. Mwaka huo huo chama cha BJP cha Narendra Modi kilipata viti 240 katika Lok Sabha, pungufu ya 272 vinavyohitajika, na wabunge 16 wa Telugu Desam wakawa miongoni mwa nguzo zilizoisimamisha serikali ya taifa.

Msomaji wa Kenya atauliza: haya yatuhusu nini? Kifungu cha 91 cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa lugha, kabila au eneo, na kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa. India imechagua njia nyingine: inaruhusu jina la lugha litundikwe mlangoni. Sidai kwamba tuige. Majimbo yao ni makubwa kuliko mataifa mengi ya Afrika, na historia yao si yetu. Lakini sote twajua kwamba chama chaweza kuwa na jina la kitaifa na ofisi katika kaunti nyingi, huku uamuzi wake ukifanywa na watu wachache wa eneo moja nyuma ya pazia. Sheria husoma cheti cha usajili, haisomi moyo.

Ndiyo maana nawasihi walimu wanaofundisha uraia na wanafunzi watakaopiga kura kesho wasiridhike na kuuliza chama kinaitwaje. Waulize viongozi wake huchaguliwa na nani na huondolewa vipi. Waulize kinawagawiaje rasilimali wale ambao hawakukipigia kura. Waulize kikishinda kitafanya nini kuhusu malalamiko ya walio wachache ndani ya ngome yake mwenyewe. Telugu Desam ilijibu vyema kabisa swali la dharau ya Delhi. Maswali haya mengine iliyaacha bila majibu, na gharama yake ilikuwa nusu ya nyumba.